Mabomba Manne na Sumaku Moja: Tathmini ya Vifaa vya Kuonyesha Mikondo ya Edi

Seti hii ya majaribio ina sumaku ya neodimiamu na mabomba manne ya sentimita 50: la plastiki, la shaba, la alumini, na la alumini lililopasuliwa kwa urefu wake wote. Ndani ya plastiki sumaku huanguka kama jiwe, kwa takribani sekunde 0.32, ndani ya shaba nilihesabu sekunde 5 kabla haijatokeza chini, ilhali shaba hainaswi na sumaku.

Bomba hilo la shaba peke yake linatosha kuipa seti sifa. Ukilichukulia kuwa ni pete nyingi zilizopangwa, pete zilizo chini ya sumaku hupata uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu yake hufika) unaoongezeka, na zilizo juu yake uga unaopungua; mabadiliko hayo, kwa kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831, huzalisha volteji ndani ya metali yenyewe, na kwa kuwa metali ni kipitishi, elektroni huanza kuzunguka ukutani bila waya wala betri. Hiyo ndiyo mikondo ya edi. Kwa kanuni ya Lenz, mikondo ya chini huisukuma sumaku juu na ile ya juu huivuta, yote ikipinga mwendo ulioizaa. Hata hivyo sumaku haikwami, maana ikisimama mikondo nayo hukoma. Hushuka kwa kasi ambayo breki hiyo inalingana na uzito wake, na nishati inayopotea hugeuka joto dogo mno kuhisiwa kwa mkono.

Kijitabu cha maelezo ndicho kinachoniudhi. Kinadai kwamba katika bomba lililopasuliwa sumaku huanguka huru, jambo ambalo seti yenyewe inalikanusha: ilishuka upesi kuliko katika bomba zima, lakini polepole kuliko katika plastiki, kwa sababu mikondo ikifika kwenye ufa hugeuka na kukamilisha mizunguko yake ndani ya ukuta. Isitoshe, ukuta wa alumini ni mnene kuliko wa shaba, hivyo ingawa ukinzani mahususi wa alumini, yaani kiasi ambacho metali yenyewe huzuia mkondo, ni takribani mara 1.6 ya ule wa shaba, muda hukaribiana, na mwanafunzi anaweza kudhani metali hizi ni sawa.

Neodimiamu, tena, huvunjika kirahisi, na hakuna sponji ya kuipokea. Yangu ilimeguka ukingo ilipotoka kwenye plastiki mara ya kwanza. Tandika kitambaa kilichokunjwa kabla ya kuanza.