Kununua tabo iliyotumika Unguja na Pemba: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake) nyingi haziuliwi na uzee, huuliwa na oili. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikielea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi, kwa hiyo gari iliyocheleweshewa oili huwa imekwisha kuimaliza tabo hata kama nje inang'aa. Ndiyo maana mpangilio huu haufuati bei, bali unafuata ni kwa kiasi gani mnunuzi anaweza kujua oili iliyopita humo ilikuwa ya namna gani.

Nafasi ya kwanza naipa tabo ambayo bado imefungwa kwenye injini, ama injini nzima iliyoletwa kutoka Japani, ama gari iliyogongwa inayochinjwa, yaani kufunguliwa na kuuzwa spea, uwanjani. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta tope jeusi zito limeganda chini yake, ondoka. Uliza pia gari ilifikaje pale, maana iliyogongwa nyuma huenda ilikuwa ikitembea vizuri hadi siku ya ajali, ilhali iliyoburutwa bila hata mkwaruzo pengine injini ndiyo iliyoishinda.

Ya pili ni tabo yako mwenyewe iliyobadilishiwa moyo, yaani shafti, feni zake mbili na beringi kwa pamoja, mradi ziwe zimesawazishwa kiwandani ili zisitikisike zikizunguka. Gharama yake ni kubwa zaidi, lakini yaliyopita yamefutwa.

Ya tatu ni ile iliyolala rafuni peke yake, na hapa ndipo wengi wetu tunaponunua, kwa hiyo hapa ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Anza na kibao kilichopigiliwa kwenye konokono (gamba la nje lililojiviringa) la upande wa hewa. Namba za tabo za Toyota huanza na 17201: ya injini ya 1KZ-TE, aina ya CT12B, ni 17201-67010, na ya 2L-T, aina ya CT20, ni 17201-54060. Kusema tu "nataka tabo ya Prado" hakutoshi, kwa kuwa Prado zilikuja na injini zaidi ya moja. Anayevuka kuja Unguja kutoka Wete au Mkoani, Pemba, aibebe ile mbovu mkononi ailinganishe tundu kwa tundu, kwani nauli ya boti ya kurudisha kitu kisichoingia huuma.

Kisha shika shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo sana kwenda pembeni si kosa, kwa sababu beringi imekauka oili, lakini feni isiguse ukuta. Ikicheza mbele na nyuma hadi mkono ukahisi, irudishe rafuni. Tazama ncha za feni kama zimelika, na ukuta wa upande wa moshi kama una ufa uliofika kwenye uso wa kufungia bolti. Hewa yetu ya bahari nayo hufanya kazi yake: tabo iliyoachwa mdomo wazi huota unga mweupe kwenye alumini.

Niliwahi kuoneshwa Mwanakwerekwe tabo iliyooshwa kwa petroli ikawa kama sahani ya arusi. "Hii mpya kabisa, sheikh," muuzaji akaniambia. Nilitia kidole kwenye tundu la kutolea oili, kikatoka na punje nyeusi ngumu kama mchanga: oili iliyoungua. Petroli haikufika huko, nami sikuendelea kuuliza bei.

Ya mwisho kabisa ni tabo ya rafuni yenye vibawa vinavyojigeuza na mota ya umeme, kama ile ya injini ya Toyota 1KD-FTV. Masizi yakivikwamisha vibawa, au mota ikiwa imeungua, mkono hauwezi kukujulisha. Itakubidi uifunge kwanza. Usiichukue bila risiti inayotaja namba ya tabo na siku za kuijaribu.

Kabla ya kufunga yoyote kati ya hizi, mwambie fundi abadilishe oili na filta, azibue au abadilishe bomba dogo la kupeleka oili, aoshe mabomba ya hewa kuondoa vipande vya tabo ya zamani vilivyobaki humo, kisha amimine oili safi ndani ya tabo na kuizungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka presha ya oili ipande. Akitaka kupaka silikoni kwenye gasketi ya oili, mzuie, kwani kipande kikimeguka huziba njia ya oili, na tabo hii ikafa kama ile ya zamani.