Hedifoni za masikioni za kama elfu tatu kushuka: nilizozijaribu kati ya Maseno na Kisumu

Matatu nyingi za Maseno–Kisumu zina spika kubwa chini ya kiti cha nyuma, na mimi ndiye yule ambaye kila asubuhi hukuta kiti hicho tu ndicho kimebaki. Kutoka Maseno hadi Kisumu ni kama kilomita 25. Kuna siku tunafika haraka, na kuna siku lori likizimika Kisian nafika kazini mguu mmoja ukiwa umekufa ganzi kwa mtetemo. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la jumla mjini. Nikishaingia ofisini sina nafasi ya muziki mpaka jioni, kwa hiyo muziki wangu wote ni wa barabarani. Watu huniuliza mtu anawekaje hedifoni ndani ya gari ambalo tayari lina muziki. Muziki ule ni wa dereva. Mimi nina wangu.

Niseme huo wangu ni upi, maana ndio nilioupimia hedifoni zote hizi. Marehemu baba mdogo alikuwa akipiga nyatiti matangani, huku kwetu Seme na ng'ambo ya pili mpaka Asembo. Miaka ya themanini mtu alimrekodi kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kigoda, na miaka kadhaa iliyopita fundi mmoja mjini akanihamishia kanda ile kwenye kadi ya simu. Nyatiti ina nyuzi nane. Lakini mpigaji huvaa pia pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, ambayo huigonga kwenye ubao wa ala kutunza mwendo, na mguuni hufunga njuga, gara. Kwa hiyo mtu mmoja anatoa sauti nne: nyuzi, pete, njuga na koo lake. Kwenye hedifoni mbovu nne hizo hugeuka uji. Hicho ndicho kipimo changu: je, naisikia pete peke yake, mbali na nyuzi? Kama siisikii, sitaki kujua sanduku limeandikwa nini.

Kwa miaka nilikuwa mteja wa hedifoni za shilingi mia mbili, zile zinazoning'inizwa kwenye kipande cha katoni pale stendi pamoja na chaja na vitana. Rahisi inavunja upishi. Kila moja ilikufa kwa ugonjwa uleule: waya unakatika ndani kwa ndani, ama pale unapotoka kwenye plagi ama pale unapoingia sikioni. Kwanza sikio la kushoto linakwenda na kurudi, unajifunza kuukunja waya kwa pembe fulani na kuushikilia kwa kidole gumba kama unayemtuliza mtoto, kisha siku moja hata kidole hakisaidii. Nilihesabu: kati ya Januari na Agosti nilinunua sita. Ni shilingi 1,200, na bado nilikuwa sijaisikia pete ya baba mdogo hata mara moja.

Nikasema basi, nipande ngazi. Nikatoa 900 kwenye duka moja la vifaa vya simu, sanduku limeng'aa, jina kubwa limeandikwa juu, muhuri wa kung'aa upo. Nyumbani mwanangu wa kidato cha tatu aliligeuza sanduku akacheka. Jina lilikuwa limekosewa herufi moja. Mwenye duka nilipomrudia alisema mzigo ukishafunguliwa haurudi. Jina lake na la duka lake nayaacha, ila nilichojifunza ni kusoma herufi moja moja kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa.

Sasa, jambo lililobadilisha kila kitu halikuwa hedifoni mpya bali raba. Nazungumzia hedifoni za kuchomeka ndani ya sikio, zenye raba laini kwenye ncha, si zile za plastiki ngumu zinazokaa mlangoni tu. Raba ile si pambo. Kazi yake ni kuziba. Isipoziba, sauti za chini zinavuja na besi inatoweka, hata kama spika ni nzuri kiasi gani. Kinachobaki ni kelele nyembamba ya bati, na wewe unapandisha sauti ukidhani hedifoni ni hafifu. Sandukuni huwa na raba za ukubwa wa aina tatu, ndogo, za wastani na kubwa. Za wastani ndizo huja zimevalishwa, na wengi wetu zile nyingine tunazitupa pamoja na karatasi.

Jaribu hivi: weka muziki wenye gitaa la besi, benga yoyote itafaa, kisha sukuma hedifoni polepole ndani kwa kidole. Kama besi inafufuka ukisukuma na kufa ukiachilia, raba hiyo si saizi yako. Mimi niligundua kwamba sikio langu la kulia linataka ndogo na la kushoto linataka ya wastani. Umri wote huu nilikuwa nikidhani masikio yangu ni mapacha. Pia usiichomeke tu. Vuta sikio juu kidogo kwa mkono mwingine, kisha ndipo uingize. Kuna na raba za sponji, unazibana kwa vidole, unaziingiza, zinafura zenyewe mle ndani. Zinaziba kelele za matatu kuliko zote, ila kwa joto la Kisumu na jasho la adhuhuri hazikai muda mrefu kabla ya kuchoka. Mimi nimebaki na za silikoni, naosha kwa maji na sabuni Jumamosi.

Nikiwa na elimu hiyo nikaingia Oginga Odinga Street Jumamosi moja na raba zangu mwenyewe kwenye kijaluba na kichupa cha spiriti. Wauzaji wengi hawakuruhusu kujaribu, na siwalaumu, nani anataka nta ya mtu? Lakini kijana mmoja alipoona nimekuja na raba zangu alilegea. "Nyar Seme," yaani binti wa Seme, "chukua hii," akasema, "besi yake inatingisha mpaka figo." Nikamwambia figo zangu ziko salama, mimi natafuta pete. Hakuelewa, lakini aliniachia nisikilize.

Pale nilisikia JBL Tune 110. Waya wake ni bapa kama utepe, haujifungi mafundo mkobani, na jambo hilo peke yake ni la kuheshimiwa. Kijana alitaka 1,500. Besi imejaa, nyimbo za ohangla zinachangamka, simu unapokea. Pete nilikuwa naisikia, ila nyuma ya pazia. Kama unataka kitu cha kuchomeka ukasahau, chenye maikrofoni, cha kununua leo na kuondoka nacho mkononi, hapo umefika. Ilinipa mashaka kwa sababu moja tu: waya umeshikamana na hedifoni. Nilikuwa nimeshazika sita kwa waya.

Mpwa wangu anayesoma Nairobi ndiye aliyenifungua macho kuhusu zile za waya wa kuchomoa. Hedifoni yenyewe ina matundu mawili madogo, waya una vijiti viwili. Waya ukifa unanunua waya, hedifoni inabaki. Akanitumia mbili kwa basi la usiku, nikazichukua stendi asubuhi nikienda kazini, nibaki na moja na nyingine nimrudishie.

Ya kwanza ni KZ EDX Pro, ilimgharimu 1,700. Ndani ina spika moja ya milimita 10 kila upande. Hii ni hedifoni ya sherehe. Sauti za chini zimeinuliwa, za juu zimeinuliwa, za kati zimekaa hatua moja nyuma. Kwa ngoma za isukuti za jirani zetu wa Kakamega hakuna mfano, unaisikia ngozi ikipigwa. Njuga za baba mdogo zilimeremeta ajabu, nikazisikia kwa mara ya kwanza kama kitu chenye chuma. Lakini yeye mwenyewe, koo lake, alikuwa amesimama mbali kama anayeimbia nyuma ya nyumba. Mwanangu alipoivaa hakutaka kuivua. Muziki wake yeye ni wa kompyuta, na kwa huo inafaa kuliko zote.

Ya pili ni Moondrop Chu II. Mpwa aliipata kwa 3,100 na usafirishaji, ndiyo maana nikaandika "kama" kule juu. Spika yake nayo ni ya milimita 10, gamba ni la chuma, na mdomo wake wa shaba unafunguka kwa kuzungusha ili ubadilishe kichujio nta ikiziba. Niliivaa ndani ya matatu, tuko Lela, dereva amefungulia spika zake zote. Nikatafuta kanda. Pete ikagonga. Ti, ti, ti, upande wake, nyuzi upande wao, na katikati baba mdogo akivuta pumzi kabla ya kujigamba. Pumzi! Kanda ile nimeisikiliza tangu nikiwa msichana, na sikujua kwamba kuna mahali anakohoa na mwanamke anacheka. Nilipita steji yangu, nikarudi kwa miguu.

Chu II haitingishi figo za mtu. Mwenye kupenda besi ya klabu ataona imepooza, na kwa huyo EDX Pro ni bora kwa pesa chache. Mimi nilichukua isiyo na maikrofoni, kwa hiyo mtu akipiga simu inabidi nichomoe. Na waya huvaliwa kwa kuuzungusha juu ya sikio kutoka nyuma, jambo ambalo kwa mwanamke mwenye miwani, kilemba na hereni ni kazi ya asubuhi nzima. Utaratibu wangu: hedifoni kwanza, miwani pili, kilemba mwisho. Ukikosea mpangilio unaanza upya. Faida ya mzunguko huo ni kwamba waya ukisugua nguo husikii tena ile ngurumo ya kuchakura.

Angalizo la nyaya za kuchomoa: vijiti havifanani. Vya EDX Pro ni vya milimita 0.75 na vinavaa kikofia juu ya tundu lililochomoza. Vya Chu II ni 0.78 na tundu lake ni la kawaida. Kabla ya kununua waya wa akiba, nenda na hedifoni yenyewe.

Na angalia simu yako kabla ya yote. Yangu bado ina tundu la duara la milimita 3.5. Ya mwanangu haina, ina lile la chaja tu, hivyo anahitaji adapta. Adapta nazo ni kesi. Kuna zenye kifaa cha kugeuza sauti ndani yake, na kuna ambazo ni waya mtupu unaotegemea simu ifanye kazi hiyo. Hizo za waya mtupu zinasema kwenye simu moja na kukaa kimya kwenye nyingine, wala huwezi kuzitofautisha kwa macho. Jaribu kwenye simu yako palepale dukani.

Zile za Bluetooth zisizo na waya sizikatai. Ila betri zake ni ndogo mno, zinachoka kadiri unavyochaji, na betri ikishachoka hakuna fundi Kondele atakayekubadilishia. Tena jaribu kuitafuta moja ikidondoka kwenye matatu ya watu kumi na wanne usiku.

Kuna faida moja sikuitafuta. Simu yangu ina ngazi 15 za sauti. Enzi za mia mbili mbili nilikuwa nafika 14 ili nimshinde dereva. Sasa raba inamzuia dereva mlangoni, nami nasikiliza ngazi ya 6 au 7. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa hizo zinashuka hadi nne tu. Mimi hutumia kama saa kumi kwa wiki barabarani, na jioni masikio yangu yalikuwa yakilia kama nzige. Hayalii tena. Lakini kwenye boda siziweki kabisa, hata moja. Pale nataka kusikia lori linalokuja nyuma.

EDX Pro sikuirudisha Nairobi kama tulivyopatana. Nilimtumia mpwa 1,700 yake, mwanangu akabaki nayo. Chu II imefika miezi tisa nami, waya ni uleule. Nilichopoteza ni raba ndogo ya kulia, ilibaki sikioni nilipovua hedifoni, kisha ikadondoka tukishuka. Makanga aliiokota sakafuni, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akanifuata mpaka nje ya stendi. "Mama," akaniuliza kwa upole kabisa, "hii ni dawa?"