Inveta ya haibridi kwenye duka langu la samaki, Kisauni

Nauza samaki, na friza zangu mbili haziwezi kungoja stima irudi. Inveta hii ya kilowati 5, kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri uendeshe vyombo vya dukani, huchukua jua kwanza, halafu betri ya lithiamu, stima ya kulipia mwisho. Stima ikipotea, hata feni haipunguzi mwendo. Wingu la masika likifunika, kioo chake kinaonyesha jua likiporomoka kutoka wati 2,800 hadi 600, na betri inajazia pengo papo hapo. Kazi hiyohiyo ndiyo inayoisumbua gridi yetu, yaani mtandao wa stima wa nchi: upepo ukilegea kwenye mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, lazima mitambo mingine, kama ya maji, ishike. Fundi wa kwanza alinikosea: aliipanga ijaze betri usiku kwa stima, tokeni zikaisha mbio. Wa pili alirekebisha kwa dakika kumi, nikapumua.