Quartzsite, Arizona: nilifuata vito, nikakutana na jiwe la Longido

Nianze na hukumu juu ya maonyesho ya mawe na vito ya Quartzsite, ili asiye na muda aondoke nayo: nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya malazi, nitafika huko. Kama unatafuta pete ya kumvisha mchumba, usiende. Kama wewe ni mtu wa kushika jiwe bichi, kuligeuzageuza juani mpaka ukasahau kula, basi fungasha.

Quartzsite ni mji mdogo wa jangwani, kama kilomita 200 magharibi mwa Phoenix ninakoishi, karibu na mto Colorado unaotenga Arizona na California. Wakazi wa kudumu hawafiki 3,000. Hata jina lake lina kosa: mwamba wenyewe, kwatziti, kwa Kiingereza hauna ile "s" ya katikati, na wenyeji wanasema posta ndiyo iliyoichomeka. Kiangazi joto hupita nyuzi 45 na hapakaliki. Lakini ukifika Januari na Februari utadhani kuna hija. Wazee wastaafu wanaokimbia theluji ya Kanada na ya majimbo ya kaskazini wanashuka na nyumba zao za magurudumu, jangwa zima linameta mabati meupe mpaka milimani.

Mimi nimekulia Arusha. Marehemu baba mdogo alikuwa dalali wa mawe, na biashara ya mawe niliyoijua ni ya kunong'ona: jiwe linatoka kwenye karatasi iliyokunjwa, linamulikwa na tochi, linarudi mfukoni kabla jirani hajaliona. Sasa nifikirie nimesimama Tyson Wells, moja ya viwanja vikubwa vya maonyesho haya, mawe yamemwagwa kwenye ndoo na mapipa kama viazi, yanauzwa kwa ratili, na mwenye meza yuko mbali anapiga soga! Kiingilio hakuna. Unashika, unanusa ukitaka. Kila meza ina chupa ya kupulizia maji, maana jiwe ghafi likiwa kavu halisemi kitu. Lipulizie, ndipo rangi inatoka.

Nilitumia saa mbili nzima kwenye meza tatu tu. Kulikuwa na miti iliyogeuka mawe kutoka Madagaska, amethisti za Brazil zenye urefu wa mtoto wa darasa la pili, visukuku vya Moroko, malakiti ya kijani kutoka Katanga. Kulikuwa pia na yale mawe ya duara, nje mabaya kama muhogo uliooza, ndani matupu yenye kuta za fuwele. Unachagua lako, unalipa, mwuzaji analizungushia mnyororo na kubana polepole. Watu wote wananyamaza. Pa! Langu lilikuwa limejaa ugoro mtupu, hakuna fuwele hata moja. Mama aliyenifuata kwenye foleni akapata la zambarau. Riziki.

Upande wa vito vilivyokatwa na kuvalishwa dhahabu ndiko nilikokasirika. Kijana mmoja alikuwa na sinia la "tanzanite" za bei ya kutupwa, bluu iliyokolea mno. Tanzanite ukiigeuza inakubadilikia, upande huu bluu, upande ule zambarau. Hizi nilizigeuza mpaka shingo ikaniuma, bluu ileile. Nikamwuliza kama ana cheti, akaniambia kipo nyumbani. Baba mdogo angecheka. Sisemi wote wako hivyo, ila kama hujui kusoma jiwe, weka pesa zako kwenye mawe ghafi. Hakuna anayehangaika kughushi kitu cha dola sita.

Malazi sasa. Moteli niliyopata ilinitoza bei ya hoteli ya mjini, maji ya moto yakakata saa moja jioni, na nilipolalamika nikaambiwa ndivyo msimu ulivyo. Wajuzi wote wanalala jangwani kwenye ardhi ya serikali ya shirikisho. Ziko sehemu za bure, mwisho siku 14. Na kuna eneo la La Posa, ambako mwaka niliokwenda kibali kilikuwa dola 40 kwa siku 14, au dola 180 kwa msimu wote, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Ukienda na hema, beba blanketi zito: mchana unatembea na fulana, usiku meno yanagongana. Na mchana wa Jumamosi gari halisogei kwenye njia panda kuu, kwa hiyo nenda katikati ya wiki.

Jambo moja ambalo sikulitarajia ni kaburi la Hi Jolly. Hilo si jina la utani la Kizungu, ni Haji Ali, ulimi wa Wamarekani ukalipinda. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kujaribu kama wangefaa kubeba mizigo jangwani, na yeye akaja kuwa mchungaji wao. Ngamia waliweza, jeshi likaachana nao, Haji Ali akabaki hukohuko mpaka alipofariki mwaka 1902. Juu ya kaburi lake wamejenga piramidi ya mawe ya eneo hilo, kileleni kasimama ngamia wa shaba. Kibao kinasema hapo ndipo kambi yake ya mwisho, na kwamba alizaliwa "mahali fulani Syria". Nilimsomea Fatiha. Watalii wengine walikuwa wanapiga picha za ngamia.

Siku ya pili, kwenye meza ya mzee mmoja mwenye kofia ya majani, nikaona ndoo ya mawe ya kijani yenye mabaka mekundu na weusi uliotawanyika. Sikuhitaji maji. Ni zoisaiti, madini yaleyale yanayotoa tanzanite, yenye rubi ndani yake, jiwe la Longido, ndugu wa tanzanite kwa damu kabisa. Hata jina lake la kitaalamu, anyolaiti, limetokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Juu ya ndoo kipande cha karatasi: AFRIKA, dola sita ratili.

"Mzee," nikamwambia, "Afrika ni kubwa. Hili latoka Longido, Tanzania. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari."

Akavua miwani. Miaka zaidi ya kumi analiuza, hakuna aliyewahi kumwambia. Akaniuliza kuna nini huko, nikamweleza mlima, ng'ombe, vumbi ambalo halina tofauti na la hapa. Nikanunua ratili nne, akanipunguzia dola nne bila kuombwa, jambo ambalo Arusha ningelipigania nusu saa.

Jioni nikiondoka nilipita tena mezani kwake. Alikuwa amebadilisha karatasi, kaandika kwa kalamu nene: LONGITO, TANZANIA. Nikampungia mkono, nikawasha gari.