Kitabu cha picha cha kalenda: nilivyokitumia na watoto wa awali hapa Kigoma

Nafundisha darasa la awali hapa Kigoma mjini. Kitabu ninachokizungumzia ni kile cha kurasa ngumu chenye picha za siku, miezi na majira, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Nilikinunua duka la vifaa vya shule pale Mwanga kwa Sh 18,000. Kwa bei hiyo nakipendekeza kwa moyo mweupe, ila si kila ukurasa utakaokufaa ukiwa huku kwetu, na ndiyo maana naandika.

Mtoto wa miaka mitano hashindwi kukariri. Atakuimbia Jumatatu hadi Jumapili bila kuvuta pumzi, halafu atakwambia "kesho tulikwenda kwa bibi". Majina anayo, muda bado. Kitabu hiki kina ukurasa wa jana, leo na kesho wenye msichana yuleyule mara tatu: anafua gauni, gauni liko kambani, amelivaa. Maneno ni machache sana. Naweka kidole kwenye picha ya kati na kuuliza, "Leo gauni liko kambani. Jana alifanya nini?" Wanaitikia, "Alifua!" "Na kesho?" "Atavaa!" Sijasahihisha kitu, na kila tendo limekaa mahali pake. Chati za ukutani nimezitumia tangu nianze kazi na hazijawahi kunifikisha hapo.

Ukurasa ninaourudia kuliko yote ni wa mwezi. Umechorwa kuanzia mwezi mwandamo, ukikua hadi mpevu, kisha ukipungua mpaka giza. Wengi darasani kwangu ni watoto wa wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, maana mwanga ndio unaowavuta. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, hivyo mitumbwi hupumzika na watu hushona nyavu. Siku ya kwanza nilipoufungua, mtoto mmoja wa Kibirizi aliinuka, akaweka kiganja juu ya lile duara kamili na kusema, "Hapa baba analala nyumbani." Wenzake wakaanza kubishana baba wa nani anarudi lini ziwani.

Tangu hapo tumebandika karatasi ya visanduku ukutani. Kila asubuhi mmoja anachora umbo la mwezi aliloliona usiku, au wingu kama kulikuwa na mawingu, mpaka duara linaporudi. Kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo wanaona wenyewe kwamba visanduku vya mwezi wa angani vinakaribia vile vya kalenda bila kulingana navyo kabisa. Mtoto asiyeweza kusoma "Oktoba" anakuonyesha kwa kidole wiki ambayo baba atakuwa nyumbani. Natamani ningekuwa na kitabu hiki mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Nyumba nyingi hapa ziliishi kwa kuhesabu tarehe, na watoto walikuwa wanasikia kila siku.

Sasa majira. Hapa kitabu kinapwaya, tena vibaya. Kuna majira manne ya Ulaya: Oktoba majani yanapukutika, Desemba theluji imefunika paa. Watoto waliniuliza, "Mwalimu, nani kamwaga unga?" Wana haki. Habari za theluji nitawafundisha kwa furaha siku yake, lakini ukurasa wa kumtambulisha mtoto Desemba lazima umwonyeshe kitu anachokutana nacho akitoka nje. Na nisiwaonee waliotafsiri peke yao, kwa sababu hata vitabu vyetu vingi huandika vuli na masika kana kwamba nchi nzima ni Pwani. Hapa Kigoma mjini mvua ni msimu mmoja, kuanzia karibu na Novemba hadi Aprili hivi, kisha kiangazi.

Nilichofanya ni kubandika michoro ya watoto juu ya zile picha. Novemba ina kumbikumbi wanaozunguka taa. Julai ina barabara yenye vumbi, na mmoja kajichora amevaa sweta la asubuhi. Gundi ya karatasi inashika vizuri kwenye kurasa hizi kwa kuwa zinang'aa kidogo tu.

Jambo jingine la kurekebisha ni Idd el-Fitr, ambayo wameichora Aprili kama vile haihami. Ilikuwa Aprili mwaka 2024, lakini mwaka uliofuata ikaja mwishoni mwa Machi, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11. Kwa watoto wa Ujiji hilo si jambo dogo: wanaijua sikukuu yao kuliko mchoraji. Mimi nimeikata ile picha na kuiwekea kipande cha karatasi kinachohamishika, na kila mwaka tunaisogeza pamoja. Ukurasa wa Ijumaa nao nimeuongezea mtoto mwenye kanzu, kwa sababu wengi wao hiyo ndiyo alama yao ya kujua Ijumaa imefika.

Uimara: kadibodi ni nzuri, inavumilia mikono yenye mafuta ya mawese. Vidirisha vya kufungua vya siku za wiki ndivyo dhaifu. Viwili vyangu vimeng'oka, nikavifunga kwa utepe mpana wa gundi na sasa vinafunguka vizuri kuliko mwanzo. Ukinunua, vifunge vyote kabla hujakipeleka darasani. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu asubiri kidogo, maana umri huo vidirisha huishia mdomoni.