NFS ao PCR ya EBV: kwa kansa ya kichwa na shingo, examen gani ya damu inaonyesha namna ugonjwa utaendelea?

Hapa Bukavu hii swali inarudia sana. NFS ni examen ya kuhesabu chembe za damu; PCR ya EBV inatafuta kwenye damu alama za virusi vya Epstein-Barr (EBV). NFS ni bei ndogo, karibu kila labo inaifanya, unagawanya tu neutrofili kwa limfosite (aina mbili za chembe nyeupe za damu), 6 kwa 2 inatoa 3, na hesabu ikipanda sana mara nyingi ni alama mbaya. Lakini jino lenye usaha ao dawa ya dexamethasone vinaivuruga hiyo hesabu, basi ndugu, usilie juu ya karatasi moja, rudilia examen kisha jino kupona ao dawa kuisha.

PCR inaomba mashine na pesa, ila kwa kansa ya nyuma ya pua yenye EBV iko na nguvu zaidi: virusi vikionekana kwenye damu kisha matibabu, hatari ya kurudia ni kubwa. Kansa ya ulimi? Bakia na NFS. Ya nyuma ya pua, na familia inaweza? Uliza munganga PCR.