RX 570 au GTX 1050 Ti? Zote nimezitumia, ila kuna duka moja Kampala limenitoa roho

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: kwenye hizi kadi mbili za grafiki, zile zinazochora picha za gemu kwenye kompyuta, RX 570 ya AMD inaishinda GTX 1050 Ti ya Nvidia, na si kwa kidogo. Haya, mwenye haraka ameshaondoka, sasa sisi tuliobaki niwaeleze kwa nini kuna kipindi nilitaka kwenda kuitupa hiyo RX 570 ziwani pale Ggaba, na kwa nini hata leo ukinikuta vibaya naweza kukujibu kinyume kabisa.

Mambo ya kori ngapi na memori upana gani siandiki, yako kila mahali, katafute.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020, ule mnara, hizi kompyuta zilizostaafishwa maofisini huko nje zikaletwa kwetu tukazigeuza za gemu. Mwenye nayo anaijua shida yake. Pawa saplai, kile kiboksi cha umeme ndani ya kesi, ni ya wati 290, waya wa kulisha kadi ya grafiki hauna, halafu plagi inayokwenda kwenye madabodi (bodi kuu) ni ya pini nane za Dell wenyewe, si zile 24 za watu wote, kwa hiyo huwezi tu kwenda mjini ukanunua pawa saplai yoyote ukachomeka. Ndiyo sababu OptiPlex nyingi za gemu hapa mjini ukizifungua unakuta 1050 Ti. Wati 75, zote inazivuta kwenye sloti yenyewe inapochomekwa, unachomeka, unafunga kesi, unacheza. Kadi ya 2016 hiyo! Na bei yake inagoma kushuka kwa sababu hiyohiyo, mpaka unakuta RX 570 yenye nguvu kuizidi inauzwa bei sawa nayo au chini, maana yenyewe inataka wati 150 na waya wake peke yake na wenye Dell hawana.

Mi nimeishi na 1050 Ti miaka. FIFA ilikuwa inateleza, GTA V ukiweka setingi za kati inakwenda bila kelele, The Witcher 3 ukishusha vivuli na nyasi unacheza vizuri tu. Haikuwahi kunikosea adabu. Ila macho yana tamaa bwana, nikaenda kwa jamaa yangu Ntinda nikaiona GTA ileile kwenye RX 570, setingi juu, mvua inanyesha kwenye lami taa zinang'aa, nikarudi nyumbani nikaiangalia ya kwangu nikaona kama nimedhulumiwa.

Basi nikaingia akedi moja, jengo la maduka, katikati ya mji, jina la duka silitaji, ghorofa za juu huko ambako lifti ipo lakini hakuna aliyewahi kuiona ikifanya kazi. Jamaa akanitolea RX 570 ya Sapphire, haina boksi, haina hata mfuko. Namuuliza imetumika? "Ssebo, hii ni ya Dubai, haijafungwa popote." Kadi ya 2017, haijafungwa popote, eti ilikuwa inasubiri mimi. Nikasema nijaribishie. Akaichomeka kwenye mashine yake, picha ikatoka, desktopu ya Windows hiyo, milima na anga. "Si unaona mwenyewe?" Naona. Laki tatu na kitu, nikalipa kwa simu, akaniandikia risiti kwa mkono na muhuri juu.

Duka jingine nikachukua pawa saplai nzito (nzito kwa kilo, naisisitiza hiyo, zile nyepesi zilizoandikwa 500W ziache hapohapo kaunta) pamoja na kile kiwaya cha kugeuza pini 24 kuwa nane za Dell. Nyumbani Kansanga nikakuta kadi ndefu inagonga keji ya hadi diski, nikahamisha diski, nikafunga, nikawasha, picha safi. Nikaweka draiva ya AMD, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Skrini ikawa nyeusi. Ikarudi. Nafungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, naona pembetatu ya njano, Code 43, Windows inasema imekisimamisha kifaa kwa kuwa kimeripoti matatizo. Nikafuta draiva nikaweka ya zamani, hivyohivyo. Nikaweka Windows upya usiku kucha, hivyohivyo. Gemu inafunguka inatembea fremu moja, unapata muda wa kupiga chai kabla gari halijakata kona.

Kesho yake narudi dukani na kadi yangu kwenye mfuko wa karatasi. Sasa hapa ndipo penyewe.

Jamaa anakula rolex, ile chapati ya kukunja na mayai. Namsalimia, hajibu, anatafuna. Namweleza Code 43, anatafuna. Nikamwekea risiti mezani, akaichukua, nikadhani anaisoma, kumbe anajifutia mafuta vidoleni. Risiti yangu! Aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe jana yake tu! Kisha akaniambia, "Picha inatoka haitoki?" Nikasema inatoka, lakini draiva... "Picha ikitoka kadi ni nzima. Draiva si kazi yangu, mimi nauza kadi." Nikasema basi niweke draiva hapahapa kwenye mashine yako tuone sote. Akakataa, eti nitamwekea vairasi. Eti gemu zetu za wizi tunazodaunilodi ndizo zinaharibu kompyuta halafu tunakuja kusumbua wafanyabiashara. Simu yangu ikaita, nikajibu kwa Kiswahili, ni mama yangu huyo kutoka Busia, na nilipokata jamaa akacheka akaniuliza, "Kumbe wewe Mkenya? Ndiyo maana maneno mengi. Au mwanajeshi?" Kampala hapa ukiongea Kiswahili wengine wanakuona wa Kenya au wa jeshi. Mimi ni wa Busia upande huu wa Uganda, kitambulisho cha taifa ninacho mfukoni, na hata ningekuwa Mkenya, hata ningekuwa mwanajeshi, Code 43 inauliza kabila? Akamwambia kijana wake amhudumie mama aliyekuwa nyuma yangu, akaongeza redio. Banange. Niliteremka zile ngazi mikono inatetemeka.

Sasa sikilizeni kitu ambacho mtu anayeuza kadi kutwa nzima alipaswa kukijua. Windows ina draiva yake ya msingi ya kutoa picha, inaitwa Microsoft Basic Display Adapter, na kadi yoyote ambayo haijafa kabisa itakutolea desktopu kwa hiyo. Kwa hiyo ile "si unaona mwenyewe" haijakuonyesha chochote, ni sawa na kuuziwa ng'ombe kwa kusikia sauti yake nyuma ya ukuta. Usilipe mpaka draiva ya AMD imeingia na gemu au programu ya kuipima imekimbia hadi feni zipande.

Na kwa nini draiva ilikataa? Hizi RX 570 zilinunuliwa kwa wingi na wachimbaji wa kripto, zile sarafu za mtandaoni, wanaziwasha usiku na mchana kuchimba Ethereum, na ili zichimbe zaidi wanabadilisha BIOS ya kadi, programu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe, wanabana majira ya memori ili ikimbie haraka zaidi. Ethereum ikaacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, zikamwagwa sokoni dunia nzima, na nyingine ndiyo hizo tunazoambiwa ni za Dubai hazijafungwa popote. Draiva ya AMD kwenye Windows inakagua sahihi (saini) ya BIOS, ikikuta imechokonolewa inagoma. Ndiyo Code 43 yangu hiyo. Kadi haikuwa mbovu. Gemu zangu hazikuwa na hatia. Windows yangu niliyoifuta usiku kucha haikuwa na hatia.

Aliyeniponya ni dogo anayekaa kwenye chumba cha gemu karibu na stegi yetu, anakusanya mia tano tano za watoto wa shule. Nilimpelekea nikiwa nimeshaamua kuiuza kwa hasara. Akaigeuza, akaangalia ukingo wa juu, akasema, "Kaka, hii si ina swichi?" Kaswichi keusi, kadogo, juu ya bodi nyeusi, usipoinamisha kadi kwenye mwanga hukaoni. Sapphire baadhi ya kadi zake wanazipa BIOS mbili, na mchimbaji alichokonoa moja tu, ya pili akaiacha ilivyotoka kiwandani. Dogo akachukua kijiti cha meno, akakasukuma upande wa pili, tk. Tukachomeka, tukaweka draiva, skrini ikapepesa, ikatulia. Pembetatu ya njano haipo. Nikataka kumlipa akakataa, akasema nimnunulie soda.

Kijiti cha meno, jamani. Ningekuwa naandika kwa hasira ndogo kuliko hii kama kadi ingekuwa imekufa, ajali hizo zipo. Lakini kutukanwa kabila, kufutiwa mafuta kwenye risiti, kwa kitu kinachotengenezwa kwa kijiti cha meno? Na yule anajiita mtaalamu, kwenye ubao kaandika "GAMING EXPERT" herufi kubwa.

Tuseme ukweli basi, ikishapona hii kadi ni raha. GTA V ile mvua ya Ntinda sasa ninayo kwangu, 1080p, setingi juu, haikwami. The Witcher 3 nyasi nimezirudisha zote. Kila gemu niliyokuwa naibembeleza kwenye 1050 Ti hapa inakwenda yenyewe, tofauti unaiona kwa macho, huhitaji mtu akuchoree grafu. Wale wa kuogopa Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, watulie: tofauti ya kadi hizi mbili zikikimbia kabisa ni kama wati 75, ukicheza saa nne ni yuniti 0.3. Jokofu lako linakudhulumu zaidi.

Lakini (nilijua hii lakini itakuja) feni moja imeanza kukoroma. Ukiiwasha asubuhi inasaga kwanza ndipo inazunguka, ni uzee wa uchimbaji huo, na joto inalotoa kwenye chumba chenye bati juu mchana wa Februari si la mchezo, nacheza kifua wazi mlango umefunguliwa majirani wote wanaona nikifungwa mabao. Ukijumlisha kadi, pawa saplai, kiwaya cha Dell, nauli za boda, na feni nitakayobadilisha, hiyo "RX 570 bei rahisi" imenipita bei ya 1050 Ti parefu. Na umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni ile kadi. Wakati wa 1050 Ti nilikuwa nalala.

Ndiyo maana nasema mwenye OptiPlex asiyetaka kufungua mashine, chukua 1050 Ti, usinisikilize hata kidogo nilivyoanza huko juu. Hapo nako kuna mitego, kuna 1050 Ti za uongo, kadi kuukuu za Nvidia za enzi za 2010 zimepakwa jina jipya kwenye BIOS. Ukiona ina tundu la VGA nyuma, lile la monita za zamani, shtuka, za kweli karibu zote hazina, na ukifungua GPU-Z, programu ya kuitambua kadi, inakuandikia wazi neno FAKE kabla ya jina. RX 570 nayo haina VGA, kwa hiyo mwenye monita ya zamani aweke bajeti ya adapta kwa zote mbili. Na za kudumu milele hakuna hapo. Nvidia walitoa draiva ya mwisho ya gemu kwa ukoo wa 1050 Ti Oktoba 2025, zilizobaki ni za usalama tu, na AMD ukoo wa RX 570 waliusogeza pembeni tangu 2023, zinakuja kwa kudondoka.

Nilikuwa nimeishia hapo, nimeshawapa 1050 Ti ushindi wa heshima, ndipo jana usiku WhatsApp ikalia. Namba ya dukani. Nikadhani anaomba radhi, au anarudisha hata nusu. Ameandika: "Boss wangu habari, nimesikia ile kadi ulitengeneza. Ulifanyaje? Niko na zingine sita zinasumbua hivyo hivyo."

Sita! Haijafungwa popote, lakini ziko sita zenye ugonjwa mmoja! Na sasa mimi ni boss wangu, si Mkenya tena.

Nimeisoma, tiki zimekuwa bluu, ajibiwe na redio yake. Sasa kwa hasira hiyohiyo narudi nilikoanza: RX 570 ni kadi nzuri, nunueni, ila nunueni kwa mtu anayekubali uweke draiva mbele yake, na mkague kaswichi. Akikataa ondoka hata kama amekushushia bei. Na wale wawili walioniuliza kama 1050 Ti yangu inauzwa, hapana, iko kabatini, mpaka ile feni niione imetengemaa.